Hasira Hasara: Karate Katika Nchi ya Majani Chai

Dadangu alinipigia simu baada ya sala ya Isha, nami kwa sauti tu nikajua kuna jambo. Bintiye yuko chuoni huko bara, upande wa Kericho. Alikuwa amemwarifu mamake kwamba amechaguliwa kushindana karate katika michezo ya vyuo, naye hataki kutoka bila ya radhi ya wazazi. "Kaka," dadangu alisema, "mtoto wa kike wa Kiislamu, akarushe mateke mbele ya umati? Nenda ukamtazame mpwa wako, kisha uniambie nijibu nini."

Mjomba hana pa kukimbilia. Nikapanda basi Mwembe Tayari, nikapita Nairobi na Nakuru, na siku ya pili nikateremka Kapsoit, kituo kidogo cha biashara kupita mji wa Kericho ukielekea Kisumu. Sisi tuliozoea joto la Mombasa, pale hutetemeka mchana kweupe. Vilima vimevikwa chai kama zulia la kijani, na wachumaji wamo ndani yake hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Huchuma majani mawili na kichipukizi chake, yaliyobaki huyaacha. Mzee mmoja aliyeniamkia "Chamgei" nilimuuliza kwa nini wasikwanyue yote wakamaliza kazi. Alicheka. "Ukichuma kwa pupa," akasema, "mwaka ujao utachuma nini?"

Jioni mpwa wangu alinipeleka kwenye ukumbi wanakofanyia mazoezi. Sakafu ya saruji, mikeka juu yake, vijana kumi na wawili hivi waliovaa nguo nyeupe. Nilitazama mavazi kwanza, kwani hilo ndilo dadangu aliloliuliza mwanzo. Suruali ni pana, koti ni la mikono, na kichwani mtoto alikuwa amejifunga hijabu. Wala si kwamba alifichwa huko Kapsoit: Shirikisho la Karate la Dunia limeruhusu hijabu maalumu mashindanoni tangu mwaka 2013.

Jambo la pili lilikuwa ni kule kuinama. Nilimuuliza binti, naye akajibu, "Mjomba, mimi huinamisha kichwa kama ninavyomwamkia nyanya. Rukuu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake." Mimi si mufti. Nilimwambia akirudi likizo tukae na ustadhi wake, atuweke sawa.

Likabaki la tatu, la kupigana. Hapa inafaa nimweleze msomaji kidogo. Neno karate maana yake ni mkono mtupu. Ni sanaa iliyokulia kisiwa cha Okinawa, na Gichin Funakoshi ndiye aliyeionyesha Tokyo mwaka 1922. Mashindano yake ni ya namna mbili. Katika kata mtu huonyesha mapigo peke yake, kama anayepambana na maadui wasioonekana. Katika kumite wawili hukabiliana, mmoja mshipi mwekundu na mwenziwe wa buluu. Ngumi iliyofika vizuri ni pointi 1, teke la mwilini 2, teke la kichwani 3. Lakini pigo sharti lidhibitiwe. Anayempiga mwenziwe kwa kumuumiza huonywa, na akizidi hutolewa.

Basi kulitokea nini mbele ya macho yangu? Msichana mwenziwe alimgusa mpwa wangu mdomoni. Binti akageuka rangi. Namjua, hasira hizo kazirithi kwa babu yake, Mungu amrehemu. Akamrukia mwenziwe kwa ngumi mbili za nguvu, za kisasi. Mwalimu akasimamisha pambano, akamketisha chini mpaka mazoezi yakamalizika. Hakumkaripia. Alimketisha tu.

Usiku, kwenye hoteli ya chai, binti alikuwa bado amenuna. "Mjomba, yeye ndiye aliyenianza." Nikamsimulia kisa cha Tokyo. Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan, ilikuwa fainali ya Olimpiki ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa anaongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akarusha teke la juu, Ganjzadeh akaanguka akazimia, akatolewa kwa machela. Anayetazama asiyejua angesema Msaudia ameshinda. Waamuzi wakashauriana, wakamwondoa kwa sababu pigo lake halikudhibitiwa. Ganjzadeh alipozindukana ndipo akaambiwa kuwa yeye ndiye bingwa. Aliyelala akapata dhahabu, aliyesimama akapata fedha.

Binti alikaa kimya. Nikamkumbusha ile hadithi tuliyofundishwa sote chuoni kwa maalimu, kwamba Mtume (S.A.W.) hakumhesabu kuwa mwenye nguvu yule anayewabwaga watu mieleka, bali anayeishika nafsi yake wakati wa ghadhabu. Nikaona haya, kwani mimi mwenyewe nimeisoma miaka arobaini na bado hunishinda.

Msidhani kwamba ni mchezo wa kupoteza wakati. Siku ile ile ya kisa cha Hamedi, Feryal Abdelaziz alikuwa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa dhahabu ya Olimpiki, naye aliipata kwa karate. Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 haikuwa na karate, kwa hivyo kijana wetu uwanja wake mkubwa ni Michezo ya Afrika. Nairobi iliiandaa mwaka 1987, karate ikiwamo. Ikachezwa tena Rabat mwaka 2019, na Accra mwezi Machi 2024. Njia ya kufika huko huanzia kwenye vyumba kama kile cha Kapsoit.

Kesho yake nilirudi ukumbini. Wakakabiliana wasichana wale wale wawili. Mpwa wangu akaguswa tena, safari hii shavuni. Nikashika pumzi. Alirudi nyuma hatua moja, akatulia, kisha akanyanyua mguu ukasimama karibu na sikio la mwenziwe, kiasi cha upana wa kidole. Mwalimu akainua mkono: pointi 3. Yule mwenziwe akacheka, naye akacheka.

Nilimpigia dadangu nikiwa kituoni nangojea basi, mvua ya alasiri imeanza. Nikamwambia mavazi yana sitara, la kuinama tutalipeleka kwa ustadhi, na hasira za babu zimepata mtu wa kuzifunza adabu. Alinyamaza kitambo, nikadhani laini imekatika.

"Haya," akasema. "Radhi nimempa. Mwambie avae sweta."