Kudorora kwa michoro baada ya kusasisha kerneli

Kudorora kwa michoro baada ya kusasisha kerneli ni hali ambapo kompyuta huanza kuonyesha picha, video na madirisha kwa uzito mara tu kerneli ya mfumo wa uendeshaji inapobadilishwa kuwa toleo jipya. Hali hii inajulikana zaidi kwa watumiaji wa Linux. Video hukatikakatika, dirisha hubaki nyuma ya kipanya linapoburutwa, na feni huvuma hata kama hakuna kazi kubwa inayofanyika. Kwa kuwa kompyuta bado inawaka na programu zote zinafunguka, wengi hudhani mashine imezeeka. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokatika ni uhusiano kati ya kerneli na draiva ya kadi ya michoro.

Chanzo

Kerneli ni sehemu ya mfumo inayosimamia kumbukumbu, prosesa na vifaa vyote. Draiva ni programu inayoiwezesha kuwasiliana na kifaa fulani. Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haiahidi kwamba muundo wake wa ndani utabaki uleule kutoka toleo moja hadi jingine. Draiva zilizomo ndani ya kerneli yenyewe, kama zile za Intel na AMD, hurekebishwa pamoja nayo. Draiva inayotoka nje, kama ile isiyo huria ya NVIDIA, lazima ijengwe upya kwa kila kerneli mpya. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na DKMS, programu iliyobuniwa na kampuni ya Dell, nayo huhitaji faili za hederi za kerneli ileile. Hederi zikikosekana, draiva haijengwi. Aidha, kompyuta yenye Secure Boot huikataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika.

Hapo mfumo hausimami, bali hutafuta njia nyingine, na ndiyo maana tatizo hujificha. Kadi ya NVIDIA inaweza kushikwa na nouveau, draiva huria, ambayo kwa kadi za familia za GTX 900 na GTX 1000 haiwezi kupandisha kasi ya kadi. Kadi hubaki kwenye kasi ndogo iliyowaka nayo. Ikikosekana draiva yoyote inayofaa, uchoraji wa pande tatu huhamia kwenye prosesa kupitia llvmpipe. Kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 kina pikseli zaidi ya milioni 2, na kwa kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde. Prosesa haikuundwa kwa kazi hiyo.

Mara chache kosa huwa ndani ya mfumo wenyewe. Ubuntu 9.04, iliyotolewa Aprili 2009, ilipunguza kasi ya kompyuta nyingi zenye michoro ya Intel, wakati usimamizi wa kumbukumbu ya michoro ulipokuwa ukihamishiwa kwenye kerneli. Mwaka 2020 Linux 5.9 ilitoka kabla NVIDIA haijawa na draiva inayoendana nayo, na watumiaji wakashauriwa kusubiri hadi Novemba.

Kompyuta za mtumba, ambazo ni nyingi Afrika Mashariki, zina shida ya ziada. NVIDIA iliacha kuhudumia draiva ya mfululizo wa 340 mwishoni mwa 2019 na ile ya 390 mwishoni mwa 2022. Kadi za zamani zinazotegemea draiva hizo hupoteza msaada kadiri kerneli inavyosonga mbele.

Kutambua tatizo

Amri ya uname -r huonyesha kerneli inayotumika, na lspci -k huonyesha draiva iliyoshika kadi. Amri ya glxinfo -B ikitaja llvmpipe, basi ni prosesa inayochora. Hali ya draiva zinazojengwa na DKMS huonekana kwa dkms status.

Jaribio lenye uhakika zaidi ni kuwasha upya na kuchagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB. Ubuntu huhifadhi kerneli iliyotangulia, hivyo jaribio halihitaji intaneti. Kwa mtu wa Kaole au Bagamoyo anayetegemea bando la simu, hilo si jambo dogo: faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 lina zaidi ya GB 5, na kusakinisha upya kunaweza kuwa hasara tupu. Kubana bando pia kunaweza kuleta tatizo lenyewe, mtu anapochagua vifurushi vichache akapata kerneli bila hederi zake.

Kasi ikirudi, kadi haina ubovu. Hatua inayofuata ni kuweka hederi zinazolingana na kujenga draiva upya. Kubaki kwenye kerneli ya zamani ni suluhisho la muda tu, kwa sababu marekebisho ya usalama huja na matoleo mapya.

Kama kosa liko kwenye kerneli yenyewe, taarifa inayowasaidia watengenezaji ni ile inayotaja toleo la mwisho lililofanya kazi vizuri na la kwanza lililodorora. Kwa amri ya git bisect, ambayo hugawanya mabadiliko nusu kwa nusu, kosa moja kati ya mabadiliko 1000 hupatikana kwa majaribio yapatayo 10.