Mbwa na Chakula cha Sikukuu

Siku ya Krismasi huchinjwa mbuzi na kuku katika nyumba nyingi, na harufu ya pilau huenea mpaka kwa jirani. Mbwa naye hulala karibu na jiko, akimtazama kila apitaye na sahani. Watoto humwonea huruma wakamtupia mabaki, na pengine huruma hiyo ndiyo imwuayo.

Mfupa wa kuku uliopikwa si kama mfupa mbichi. Moto huukausha, ukawa mwepesi kuvunjika, na vipande vyake vina ncha kali. Mbwa hatafuni sana. Humeza upesi asije akanyang'anywa. Kipande kikimkwama kooni hukohoa na kutokwa na mate. Kikishuka chini chaweza kumtoboa utumbo.

Hatari ya kitunguu haionekani upesi, na kwa sababu hiyo wengi hawaiamini. Kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, hata kilichoyeyuka katika mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Leo hula akalamba midomo. Baada ya siku chache hulegea, fizi zake hupauka, na mkojo wake huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Mwenyewe husema, "Adui amemlisha sumu," wala haukumbuki ule ukoko wa pilau. Zabibu na chokoleti nazo ni sumu kwake, hata zikiwa ndani ya keki.

Mahali pa kuchinjia pana jambo jingine. Maini au mapafu ya mbuzi na kondoo huenda yakawa na vifuko vyenye maji, na ndani yake mna vijitegu vidogo sana. Mbwa akivila, tegu hukua utumboni mwake, wala yeye haonekani kuugua. Lakini mayai ya tegu hutoka katika choo chake na kushika manyoya. Mtoto amshikaye mbwa huyo, kisha akala bila kunawa, aweza kuyameza, na vifuko vile vile vikaota katika ini lake. Huko Turkana, kaskazini ya Kenya, ugonjwa huu umejulikana kwa miaka mingi. Basi maini ya namna hiyo huchomwa moto, au hufukiwa katika shimo refu.

Je, mbwa asile sikukuu? Ale. Apewe nyama isiyo na mfupa, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, pamoja na ugali au wali mweupe. Tena apewe mapema, kabla wageni hawajaketi. Na jalala lifunikwe jioni ile ile, maana wageni wakiisha kwenda ndipo mbwa huanza kufukua.