Rejeta kubwa pekee haitaipoza pikapu iliyoongezwa nguvu

MTU anayeamua kuiongezea nguvu pikapu yake humu nchini aghalabu huanza na injini. Gari hupelekwa gereji, programu ya kompyuta ya injini huandikwa upya, turbo husukuma hewa zaidi, na kwa majuma kadhaa mwenyewe huona fahari ya kuwapita wenzake. Kisha siku moja, akiupanda mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru na mzigo nyuma, mshale wa joto nao huanza kupanda. Ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua rejeta kubwa. Si ushauri mbaya, ila mara nyingi hutolewa kabla ya wakati wake.

Injini hugeuza sehemu tu ya nishati ya dizeli kuwa mwendo. Sehemu kubwa hupotea kupitia ekzosi, na nyingine huingia katika maji yanayoizunguka injini. Mathalani, injini ya lita 3.0 ya Isuzu D-Max, ile ya kilowati 130, ikifikishwa kilowati 165, joto linaloingia katika maji nalo huongezeka kwa takriban robo kila dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Rejeta, feni na pampu hubaki vile vile vilivyotoka kiwandani.

Hali ya nchi yetu huongeza uzito wa jambo hili. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kwa karibu robo. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo kutoka kwenye rejeta. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu ikifika huko, na kwa hivyo hutoa joto pungufu. Hujilinda bila kujua. Yenye turbo huivuta hewa hiyo na kuishindilia, ikaendelea kutoa nguvu zake na joto lake lote. Ndiyo maana pikapu ya kisasa huweza kuchemsha mahali ambapo pikapu kuukuu ilipita polepole bila taabu.

Zaidi ya hayo, maji yenyewe huchemka upesi milimani. Yakiwa wazi, huchemka kwa nyuzi 100 Mombasa, takriban 94 Nairobi na kama 91 Timboroa. Injini nyingi hufanya kazi baina ya nyuzi 85 na 95. Kinachoyazuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho huyaweka katika shinikizo. Tarakimu 0.9 au 1.1 iliyopigwa chapa juu ya vifuniko vingi vya magari ya Kijapani ndicho kipimo cha shinikizo hilo. Kifuniko kizima cha 0.9 huyawezesha maji kustahimili hadi karibu nyuzi 118 pwani na kama 113 Timboroa. Kikilegea kabisa, dereva wa Timboroa amebakiwa na nyuzi 91. Maji yake yatachemka injini ikiwa katika joto lake la kawaida, hata akifungiwa rejeta ya lori.

Kwa hivyo kifuniko ndicho cha kwanza kuchunguzwa, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya rejeta mpya. Mpira wake ukiwa umepasuka, au maji yakihamia katika chupa ya akiba na yasirudi injini ikipoa, kimekwisha. Mpira wa juu wa rejeta ukinywea gari likipoa ni dalili nyingine. Wapo wanaofunga kifuniko cha shinikizo kubwa kuliko lililokusudiwa wakidhani wamepata njia ya mkato. Matokeo ni mipira kupasuka na matangi ya plastiki ya rejeta kuachana na viungo vyake.

La pili ni themostati. Katika gereji nyingi, gari likichemsha, themostati hung'olewa na kutupwa kwa hoja kwamba inazuia maji. Hoja hii ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki huvunja injini. Katika injini nyingi, za Toyota zikiwemo, themostati ina kisahani cha chini ambacho huziba njia ya mkato injini ikishapata joto, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi daima na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupozwa. Asubuhi injini huchelewa kupata joto na kunywa mafuta zaidi, na mchana penye mwinuko huchemsha pale pale. Themostati iliyochoka hubadilishwa kwa mpya ya kipimo kile kile.

Kisha feni. Feni ya pikapu nyingi za dizeli huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, ambayo hukaza hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa moto. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kwa uvivu. Injini ikiwa imezimwa lakini bado ina joto, isukume kwa mkono: ikizunguka bila upinzani wowote, klachi imekufa. Baadhi ya mafundi huichomelea iwe imekaza daima, jambo linalopoza gari lakini likala nguvu zile zile mwenye gari alizolipia. Lile kava la plastiki linaloizunguka feni nalo hutupwa mara nyingi baada ya ajali, ilhali bila hilo feni huvuta hewa ya eneo dogo tu la rejeta. Feni za umeme zinasifiwa sana, lakini kwa pikapu inayopanda polepole na mzigo ningebaki na feni ya injini iliyo nzima.

Hapo sasa ndipo rejeta kubwa hupata maana. Safu tatu za mirija badala ya mbili husaidia, ingawa hewa inayoifikia safu ya tatu tayari imepashwa joto na zile za mbele. Bila feni imara faida ni haba. Anayehamisha kipozi cha hewa ya turbo kutoka juu ya injini na kukiweka mbele ya rejeta ajue kwamba rejeta itakuwa ikipokea hewa moto. Vyuma vya ngao, taa kubwa na vibao vya mbele navyo huiziba.

Kuhusu maji, ya kisima yana chumvi zinazojenga ukoko ndani ya mirija, na ukoko huzuia joto kutoka. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huongeza nyuzi kadhaa kabla ya kuchemka na huzuia kutu, hasa kwenye vichwa vya injini vya aluminiamu. Ile iliyochanganywa tayari haiongezwi maji tena. Rangi ya kijani au nyekundu pekee si thibitisho la ubora.

Mshale wa joto katika magari mengi ya kisasa umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika kwa nyuzi nyingi, hivyo ukianza kupanda muda umeshapotea. Kwa dereva wa pikapu ya miraa anayewahi Nairobi kutoka Maua kabla majani hayajanyauka, kipimo cha ziada chenye tarakimu ni chombo cha kazi. Joto likizidi mwinukoni, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote, shuka gia moja ili pampu na feni zizunguke kasi, na upunguze mafuta. Lisiposhuka, simama na uzime injini. Usiimwagie maji baridi, maana kichwa cha aluminiamu hupasuka, wala usiguse kifuniko hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono mtupu na ubonyee.