Sadaka kwa wakimbizi wa vita: Tuanze na maji, sabuni na choo



Ndugu msomaji, inapotangazwa msikitini kuwa kuna watu wamekimbia vita na wanahitaji msaada, wengi wetu huenda kabatini. Hutoa nguo, viatu na pengine dawa zilizobaki baada ya mgonjwa kupona. Nia ni njema, na malipo yako kwa Allah (SW). Lakini aliyekimbia vita huandamwa na adui wa pili asiye na bunduki, naye ni maji machafu na kinyesi kisichofukiwa. Watu wanaporundikana mahali pamoja, adui huyo huweza kuua wengi kwa siku chache tu. Leo tutazame namna ya kutoa sadaka inayomzuia.

Mafunzo ya mwaka 1994

Sisi wa Kanda ya Ziwa jambo hili si geni kwetu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 kwa makadirio ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Mwezi uliofuata Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, wakawa wanaopoa miili ya watu.

Julai mwaka huohuo, Wanyarwanda wengine kati ya 500,000 na 800,000 walikimbilia Goma, Kongo. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano, na kuchimba choo ni kazi ngumu. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu na kuyanywa vilevile. Katika mwezi wa kwanza walifariki karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Ngara hakukutokea maafa ya kiasi hicho. Waliofika Ngara walikuta mashirika ya misaada yapo tayari mkoani Kagera, kwa sababu ya wakimbizi wa Burundi waliokuja tangu Oktoba 1993. Akiba ilikuwepo, na maji yalianza kutibiwa mapema. Watu ni walewale na vita ni vilevile, ila maandalizi yalitofautiana.

Mwaka 2015 tuliliona tena hapahapa nchini. Maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wakisubiri kuvushwa kwa meli ya MV Liemba kwenda Kigoma. Kipindupindu kiliingia mwezi Mei, na kabla hakijadhibitiwa zaidi ya watu 30 walikuwa wamefariki. Na Januari 2025, Goma ilipotekwa na M23, mamia ya maelfu waliokuwa kambini pembezoni mwa mji huo walitawanyika upya. Kwa hiyo somo hili bado halijapitwa na wakati.

Tutoe nini?

Imepokewa kuwa Saad bin Ubada (RA), alipofiwa na mama yake, alimuuliza Mtume (SAW) ni sadaka ipi iliyo bora. Akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima. Kitabibu, jibu hilo linasimama mpaka leo.

Kwanza, toa vyombo vya maji. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Maji yakiwepo bila chombo safi cha kuhifadhia, huchafuka njiani au hemani. Dumu lenye mfuniko au ndoo yenye koki ni sadaka kubwa kuliko magunia ya nguo.

Pili, sabuni. Mtu mmoja anahitaji gramu 250 za kuogea na kunawia na gramu 200 za kufulia kwa mwezi. Familia ya watu 6 basi inataka kilo 2.7. Nyumba chache za mtaa mmoja zikichangia mche mmoja mmoja, familia hiyo imestirika.

Tatu, vidonge vya kutibu maji na pakiti za ORS.

Nne, tuwakumbuke akina mama. Khanga, nguo za ndani mpya na taulo za hedhi ni sitara, na wakusanyaji wengi wa misaada huvisahau.

Yapo pia ya kuacha. Usitoe dawa iliyofunguliwa au iliyobaki nyumbani. Hakuna anayeweza kuthibitisha usalama wake. Usitoe maziwa ya kopo kwa ajili ya wachanga. Yakikorogwa kwa maji machafu kwenye chupa isiyochemshwa, yataleta kuhara. Mama anyonyeshe, na sisi tumsaidie yeye apate chakula na maji ya kutosha.

Usifunge safari ya kwenda kambini peke yako, kwani kambi huingiwa kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Pitisha mchango kwenye kamati ya msikiti, nayo iufikishe kwa taasisi zilizosajiliwa kama Msalaba Mwekundu.

Mgeni akifika nyumbani kwako

Mtu aliyekimbia vita akifika kwako, mkaribishe kama Ansari walivyowapokea Muhajirina, kisha mjulishe mwenyekiti wa mtaa ili ashughulikiwe kwa utaratibu wa wakimbizi. Mpe maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota. Mwoneshe choo na mahali pa kunawa kwa sabuni. Usimtenge kwa kudhani amekuja na maradhi. Wakazi wa mialoni wanajua vema kuwa kipindupindu hakihitaji mgeni. Maji ya ziwa yasiyochemshwa yanatosha kukileta.

Akianza kuharisha choo kama maji ya kuoshea mchele, usingoje kesho. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache kwa kukausha maji mwilini. Mpe ORS mara moja, naye aendelee kunywa njiani mkimpeleka kituo cha afya. Kama ORS haipo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Koroga, na usizidishe chumvi. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo. Mtoto aendelee kunyonya. Anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara.

Na kama mgeni wako ni mwanamke aliyebakwa njiani, msitiri na usimhoji mbele za watu. Mfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia VVU hufanya kazi ndani ya muda huo, na kila saa ina thamani.

Ndugu msomaji, usisubiri tangazo lijalo. Zungumza na kamati ya msikiti wenu Ijumaa hii, mtenge kona ya stoo kwa madumu, sabuni na ORS. Wakimbizi wasipokuja, In shaa Allah vitatufaa wenyewe siku kipindupindu kitakapobisha hodi mtaani kwetu.

Wabillahi tawfiq.