Hakuna Kushuka Njiani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyoirithi, kwa upande wa Intel, hudai prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea, ukiacha chache za kizazi cha saba. Kwa mji kama Arusha, ambako kompyuta ya mtumba iliyozeekea ofisini Ulaya ni jambo la kawaida, sharti hilo limeziacha nje ya mlango mashine nyingi ambazo bado ni nzima.

Msomaji mmoja wa Tengeru, anayejiandaa kuanza shahada ya uzamili katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ameamua kununua kompyuta mpakato mpya kabisa. Fedha yake inatosha kupandisha kitu kimoja tu: ama Core i7 yenye SSD ya GB 256, ama Core i5 ya kizazi hichohicho yenye SSD ya GB 512. Anauliza achukue ipi, na kama anunue pia diski ya nje ya kutunzia nakala.

Achukue ya i5. Ningeweza kuishia hapo, ila sababu yenyewe ni tamu kuliko jibu.

Prosesa niimalize haraka. Namba inayofuata herufi i ni daraja ndani ya kizazi kimoja, si cheo cha maisha. Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina kore mbili. Core i5-8250U, iliyotoka mwaka uliofuata, ina nne, na zote mbili zimepangiwa wati 15. Kwa kazi zinazogawanyika, huyo mdogo humwacha mbali kaka yake. Kwa hiyo dukani usivutiwe na stika. Soma tarakimu zilizo baada ya kistari, kisha herufi ya mwisho: U hubana umeme, H hufanya kazi nzito na kula betri. RAM iwe GB 16 ukiweza. Basi.

Tatizo la prosesa yoyote, kubwa kwa ndogo, ni kusubiri. Diski ya zamani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 11, hivyo kwa wastani data unayoitaka iko nusu mzunguko mbali, milisekunde tano na nusu hivi, bado hujahesabu muda wa kichwa kuhamia mahali pake. Prosesa ya mapigo bilioni 3 kwa sekunde inakuwa imepiga zaidi ya mapigo milioni 16 bila kazi. SSD hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, kwa sababu ndani yake hakuna kinachozunguka. Kilichomo ni elektroni zilizofungiwa.

Jinsi zinavyoingia humo ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze wa Bell Labs walieleza transista yenye kisiwa cha ndani kilichozungushiwa kihami pande zote, hakina waya wa kuingia wala wa kutoka. Fujio Masuoka wa Toshiba akaitangazia dunia kumbukumbu ya aina hiyo, inayofutika kwa mkupuo, mwaka 1984. Ukuta wa kisiwa ni oksidi ya silikoni, unene wake haufiki nanomita 10. Elektroni haina nishati ya kuuruka. Lakini elektroni ni wimbi pia, na wimbi halikomi ghafla kwenye uso wa ukuta. Hufifia taratibu likielekea ndani. Ukiweka volti zipatazo 20 juu yake, kizuizi huinama kikawa chembamba kiasi kwamba wimbi halijaisha linapofika upande wa pili. Basi elektroni inakuwa imeshafika huko. Volti ikiondolewa, ukuta unarudia unene wake na mfungwa anabaki ndani kwa miaka, hata umeme ukikatika.

Kiingereza kinasema elektroni imepita handakini. Sikubali tuifuate lugha hiyo neno kwa neno, kwa kuwa hapa hakuna jembe wala tundu. Nilifikiria kujipenyeza, lakini neno hilo lina harufu ya mwizi, nayo elektroni haina nia. Mimi nasema mpenyo, na wenye kamusi wakipata bora waniambie.

Zamani seli moja, yaani transista moja yenye kisiwa chake, ilihitaji kujibu ndiyo au hapana tu. Leo seli ya kawaida hupimwa kwa viwango vinane vya elektroni, ikabeba biti tatu. Za bei nafuu zina viwango 16 na biti nne, nazo huchoka mapema, kwa kuwa kila mpenyo huudhoofisha ukuta kidogo, na viwango vilivyobanana havivumilii udhaifu huo.

Sasa ndipo GB 512 inapoishinda i7. Data huandikwa kwenye SSD ukurasa mmoja mmoja, lakini haifutwi ukurasa mmoja mmoja. Hufutwa kwa kundi zima la mamia ya kurasa. Fikiria vifodi, yaani daladala, vya Tengeru kwenda Kilombero vikiendeshwa kwa sheria hii: abiria hupanda mmoja mmoja, Kwa Mrefu, Philips, Sanawari, popote, lakini hakuna kushuka njiani. Kifodi hukung'utwa chote kwa mara moja. Ukifuta picha au ukihariri sura ya tasnifu, abiria wa zamani hashuki. Anabaki kitini kama abiria hewa, nauli halipi na nafasi kaishika. Kondakta, yaani kidhibiti cha diski, akitaka viti, huchagua kifodi chenye hewa wengi, akawahamishia abiria halisi kwenye kifodi kitupu, halafu akakikung'uta kile cha kwanza. Mfumo endeshi humnong'oneza nani ni hewa, la sivyo angewahamisha nao.

Haya yote huenda vizuri vifodi vitupu vikiwepo. Viwanda huficha vichache vya akiba, lakini havitoshi ukiijaza diski hadi kooni. Hapo kila kifodi kina abiria hewa mmoja au wawili tu, na kondakta analazimika kuhamisha watu 18 ili apate viti viwili. Mama wa Sanawari amesimama na mkungu wake wa ndizi, naye ndiye ile faili uliyobofya kuihifadhi. Kila aliyehamishwa ameandikwa upya, na kila kuandika ni mpenyo mwingine. Diski kubwa ina vifodi vingi zaidi, na mara nyingi kondakta anaweza kupakia kadhaa kwa wakati mmoja, ndiyo maana kubwa huandika kwa kasi kuliko ndogo ya toleo hilohilo.

GB 256 zenyewe Windows huzionyesha kama 238, kisha Windows 11 pekee inataka uitengee angalau 64. Weka programu za takwimu na picha za satelaiti za utafiti, stendi imejaa. Kuhusu kuchoka usihofu sana: Samsung 970 EVO Plus ya GB 500 ilidhaminiwa kuandikwa TB 300. Ukiandika GB 30 kila siku, utazimaliza baada ya miaka 27. Kagua tu kama SSD imechomekwa au imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Iliyochomekwa unaweza kuibadilisha baadaye, prosesa ya kompyuta mpakato kwa kawaida huwezi.

Diski ya nje nunua, maana kilichofutwa kwenye SSD ni vigumu kukirejesha. Ya kuzunguka inafaa, na kwa ukubwa uleule bei yake ni nafuu. Lakini kichwa chake huelea juu ya hewa nanomita chache tu kutoka kwenye sahani, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha kuitumia karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Mlima Meru kukusanya data, itafanya kazi kwenye kibanda cha Miriakamba, mita 2,500 hivi. Saddle Hut iko karibu mita 3,570, kwa hiyo kuanzia hapo nakili kwenye SSD ya nje, hata kama ni ya GB chache.