Pesa ya mboga ni elfu tatu: ununue nini?

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji takriban gramu 48 za protini kwa siku. Ugali na wali vinampa sehemu, nyingine lazima itoke kwenye mboga. Hapo ndipo familia nyingi za Dar es Salaam zinapopoteza hela, kwa sababu tunanunua kwa mazoea: pesa ikiwepo ni nyama, isipokuwepo ni mchicha peke yake.

Hebu tupime vyote kwa swali moja: gramu 20 za protini unazipata kwa shilingi ngapi? Bei za hapa ni za mfano. Weka za sokoni kwako, hesabu ni ileile.

Steki ya ng'ombe ikiwa 12,000 kwa kilo, gramu 20 za protini zinakugharimu kama 1,200. Mchanganyiko wa 10,000 unaonekana nafuu, lakini mfupa nao unapimwa kwenye mzani. Robo yake ikiwa mfupa, nyama yenyewe umeinunua kwa zaidi ya 13,000 kilo. Supu ya mfupa ni tamu, protini yake ni kidogo. Kama ni lazima ule nyama, uliza bei ya maini au firigisi. Zina protini sawa na steki na mfupa hazina.

Yai moja lina gramu 6 hivi. Kwa 400 kila moja, unafika 1,300. Si rahisi, ila linaiva kwa mkaa kidogo na halitupwi. Mkichangiana trei na jirani, bei ya yai hushuka. Yai la kienyeji silishauri kwa mwenye pesa ya kuhesabu: protini haipishani na la kisasa, na mara nyingi lenyewe ni dogo.

Sasa maharage. Kilo ikiwa 3,000, gramu 20 unazipata kwa 300 tu. Hakuna nyama inayokaribia hapo. Gharama iliyojificha ni mkaa: yakitoka gunia moja kwa moja kwenda jikoni, yanaweza kula saa mbili au tatu, na mkaa huo ukakaribia bei ya maharage yenyewe. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, bandika kwa maji mapya na ufunike. Maharage ya zamani hulainika kwa shida hata ukiyaloweka, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani, na yakiwa yamefifia rangi au yana vitundu vya wadudu, ondoka. Usiyanunue kwa wingi kama huna pa kuyahifadhi. Yakibunguliwa, nafuu yote imekwenda. Na kama huna friji, usipike ya siku tatu. Kwa joto la Dar yatachacha. Siku ya haraka, choroko au dengu zilizokobolewa zinaiva mapema zaidi na protini yake ni karibu ileile.

Dagaa wakavu ndio ninaowatetea zaidi. Gramu 100 zina protini inayozidi gramu 50, kwa hiyo kwa 12,000 kilo unalipa chini ya 500 kwa gramu 20. Tatizo ni mchanga. Dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa chini huja nao, na unaulipia. Walioanikwa juu ya chanja ni ghali kidogo lakini ni wasafi. Hata tano moja ya uzito ikiwa takataka, gharama inafika kama 600, nusu ya steki. Dai mzani badala ya fungu au kopo, maana kopo lililobonyezwa kitako linakuibia mchana kweupe. Kwa watoto, saga dagaa wawe unga wa kukolezea mboga. Mifupa ya dagaa ina kalsiamu.

Karanga nazo ni nafuu, ila zinashika sumukuvu. Nunua nzima, chambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Za kusagwa tayari huwezi kujua ziliingia zipi, kwa hiyo ziache.

Unga wa protini wa makopo unaouzwa kwa watu wa mazoezi uache pia. Mwili hauhitaji kopo hilo ikiwa maharage yapo.

Tuseme leo una 3,000 na mko wanne. Robo kilo ya mchanganyiko inachukua 2,500 na kumpa kila mtu chini ya gramu 10 za protini. Nusu kilo ya maharage na dagaa wa 600 zinachukua 2,100, zinampa kila mtu gramu 30 hivi, na 900 inabaki ya mkaa, kitunguu na nyanya. Nunua maharage jioni hii, uyaloweke kabla hujalala.