Baraza la Mji na Mali ya Watu Wote

Mtu mwenye ng'ombe wake hana haja ya kuambiwa amwangalie. Jioni humhesabu, usiku akisikia fisi hutoka na mwenge, na asubuhi akiona pengo katika zizi huliziba kwa miiba. Lakini soko ni la nani? Kiwanja cha shule ni cha nani? Ukingo wa ziwa je? Twajibu upesi ya kwamba ni vya watu wote, na jibu hilo ni la kweli. Walakini kitu cha watu wote hakina mtu mmoja aamkaye usiku kwa ajili yake. Kila mmoja hudhani ya kuwa mwenzake amekwisha amka. Ndiyo sababu watu wa mjini huweka baraza la kuwatunzia mali yao. Katika somo hili tutaeleza kazi ya baraza hilo, na mfano wetu utakuwa mji wa Singida.

Singida umo katikati ya Tanzania, katika nchi ya majabali makubwa na maziwa mawili, Singidani na Kindai. Wenyeji wa hapo ni Wanyaturu. Tangu zamani wamelima uwele na mtama na kufuga ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ndiyo iliyorutubisha mashamba yao. Siku hizo watu walikuwa wachache, na wazee waliijua mipaka ya majirani zao. Wakigombana wawili, mzee aliitwa, naye akaonyesha mti au jiwe lililowatenga baba zao.

Siku hizi mambo yamegeuka. Katika hesabu ya mwaka 2012 mkoa wote wa Singida ulikuwa na watu 1,370,637. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa wamezidi 2,000,000. Wengi wao wameingia mjini, na wengine wametoka mikoa ya mbali. Hapana mzee awezaye kukumbuka mipaka ya watu hao wote. Basi kumbukumbu iliyokaa vichwani mwa wazee haina budi kukaa katika ramani na daftari.

Kwanza yatupasa kujua ardhi ni ya nani. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria iliyotangaza ya kuwa ardhi ya Tanganyika ni ardhi ya umma. Baada ya uhuru, mwaka 1963, Serikali ya Tanganyika iliondoa umilki wa milele ambao watu wachache walikuwa nao tangu enzi ya Wajerumani. Kisha mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikaanza kutumika mwaka 2001. Sheria hizo zasema ya kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nayo imegawanywa katika sehemu tatu: ardhi ya vijiji, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya jumla. Viwanja vya mjini vimo katika ardhi ya jumla. Mtu apewapo kiwanja hupewa haki ya kukitumia kwa muda usiopita miaka 99, na haki hiyo huandikwa katika hati.

Hapo twaona jambo kubwa. Baraza la mji si mwenye ardhi. Baraza ni kama mchungaji aliyekabidhiwa ng'ombe za watu. Huwapeleka malishoni, huwanywesha, huwarudisha zizini. Lakini hana ruhusa ya kumchinja hata ndama mmoja kwa karamu yake.

Baraza lenyewe hupatikana hivi. Mji wa Singida ni manispaa, yaani ni mkubwa kuliko mji mdogo, lakini haujafikia cheo cha jiji. Manispaa imegawanywa katika kata, kama vile Misuna, Mandewa na Utemini, jina ambalo latukumbusha siku za watemi. Kila kata huchagua diwani mmoja kwa miaka 5. Pamoja nao huingia madiwani wanawake wa viti maalumu. Madiwani humchagua mmoja wao awe Meya, naye huitwa Mstahiki Meya. Kazi za kila siku hufanywa na watumishi: wapima ardhi, wachora ramani, mabwana afya, waandishi wa hesabu. Mkuu wao ni Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Kwa hiyo madiwani huamua, na watumishi hutenda.

Mashauri ya ardhi huanza katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na ya fedha katika Kamati ya Fedha na Uongozi. Kisha hupelekwa mbele ya baraza zima. Diwani akiwa na faida yake mwenyewe katika shauri, kwa mfano kama kiwanja kinachojadiliwa ni chake, sheria humtaka aseme wazi wala asipige kura. Tena mkutano wa baraza zima huwa wazi kwa wananchi. Mtu aweza kuingia, akakaa kimya, akasikia kwa masikio yake mwenyewe jinsi mali yake inavyoamuliwa.

Sasa na tutazame matumizi ya ardhi. Kabla ya watu kujenga, mahali hupimwa na kuchorwa ramani. Katika ramani kila kipande hupewa kazi yake: hapa nyumba za kulala, hapa maduka, hapa viwanda, hapa shule, hapa makaburi, na hapa mahali wazi pa watoto kuchezea na watu kupumzika. Kisha wapimaji huchimbia bikoni pembeni mwa kila kiwanja. Mtu atakaye kujenga huomba kibali, na ramani ya nyumba yake hutazamwa kwanza.

Wengine hunung'unika wakisema, "Kiwanja ni changu, kwa nini nisijenge nitakavyo?" Jibu si gumu. Mtu akijenga machinjio karibu na shule, nzi hawatauliza mpaka uko wapi. Akiziba mfereji wa mvua kwa ukuta wake, maji yatamwacha yeye na kuingia chumbani mwa jirani. Akijenga katikati ya njia, siku nyumba ya tatu itakapowaka moto gari la kuzimia halitapita. Katika mji, litendwalo na mmoja huwafikia wengi, na kwa hiyo wengi wana haki ya kuulizwa.

Mfano ulio wazi ni maziwa ya Singida. Mji huu umo katika Bonde la Kati, na mito ya bonde hilo haifiki baharini. Maji yaingiayo Ziwa Singidani hayana mto wa kutokea. Hutoka kwa kukaushwa na jua tu, na chumvi hubaki. Kila takataka inayosukumwa na mvua kutoka mjini huingia humo, isitoke tena. Udongo wa mashamba yaliyolimwa hata ukingoni huteremka vilevile, na kidogo kidogo ziwa hupungua kina. Hapo heroe na ndege wengine hutafuta chakula chao. Kwa sababu hiyo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu, na shughuli zenye kudhuru mazingira, katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Ukanda huo si ardhi iliyosahauliwa, ingawa hauna nyumba wala shamba. Una kazi yake, nayo ni kulinda ziwa.

Mbali na ardhi, baraza hutunza mali nyingine za watu: shule za msingi, zahanati, masoko, vituo vya mabasi na makaburi. Huko Misuna liko soko la vitunguu. Mkulima afikapo sokoni na magunia yake hulipa ushuru. Fedha hiyo si ya mtoza ushuru, wala si ya diwani. Ni ya mji, nayo yapasa irudi kwa watu kwa njia ya choo safi, paa lisilovuja, na dawati la shule. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vitabu vya kila halmashauri, na taarifa yake hufika Bungeni. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maana ya methali hiyo na tuione kwa mfano wa kubuni. Iwe kuna shule yenye kiwanja kikubwa, lakini bikoni hazikuchimbiwa wala hati haikuombwa. Mwaka wa kwanza mtu mmoja aomba kupanda alizeti pembeni. Hapana amkatazaye, maana ni jirani mwema. Mwaka wa pili apanda ua wa minyaa kuzuia mbuzi. Mwaka wa tatu ajenga kibanda cha kuwekea majembe. Mwaka wa tano auza mahali pale kwa mgeni, naye mgeni ajenga nyumba ya matofali kwa fedha aliyoichuma miaka mingi. Siku hiyo ndipo wazazi wanaposhtuka. Mwalimu mkuu wa zamani amehamishwa, mzee aliyeitoa ardhi amekufa, na katika kabati la shule hamna hata karatasi moja.

Shauri hupelekwa baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kusuluhisha tu. Likishindikana, hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mgeni aonyesha karatasi yake ya kununua, na shule haina la kuonyesha ila maneno. Shule ikishindwa, watoto wamepoteza uwanja. Ikishinda, mgeni ambaye hakujua neno amepoteza nyumba. Vyovyote vile kuna machozi. Lakini kama bikoni zingalikuwapo na hati ingalikuwamo kabatini, shauri lisingalizaliwa hata kidogo.

Wala msidhani ya kuwa baraza lina ruhusa ya kumnyang'anya mtu kwa kisingizio cha watu wote. Mji ukikua, huenda shamba la mtu likahitajiwa kwa njia au kwa hospitali. Sheria hutaka mtu huyo alipwe fidia kamili, ya haki, tena kwa haraka. Mgomba wake, nyumba yake na kisima chake huhesabiwa na kuthaminiwa. Mali ya wote isijengwe kwa dhuluma ya mmoja.

Huenda mtu akauliza, je, haifai kazi hizi zote zifanywe na Serikali Kuu peke yake? Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 1972 mabaraza ya wilaya na ya miji yalivunjwa, na kazi zao zikatiwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Miji ikadhoofika: takataka zikalundikana, mifereji ikaziba, barabara zikabomoka. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria mpya za serikali za mitaa. Watu wakajifunza ya kwamba mfereji wa mtaa huonwa kwanza na yule aurukaye kila asubuhi. Ofisa aliye mbali hupata habari zake kwa barua.

Hata hivyo, baraza lililo karibu laweza kulala kama walalavyo watu wengine, likiwa haliulizwi. Diwani aweza kuwa mvivu. Mtumishi aweza kushawishika kwa hongo, akachora nyumba mahali palipokuwa wazi. Ardhi ikienda hivyo hairudi kwa wepesi. Fedha iliyoibwa yaweza kuchumwa tena mwaka ujao, lakini uwanja ukijaa nyumba umekwisha, na watoto ambao hawajazaliwa watachezea barabarani.

Kwa hiyo Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 27, huweka wajibu wa kulinda mali ya umma juu ya kila mtu, si juu ya viongozi peke yao. Ninyi wanafunzi hamjafika umri wa kupiga kura, lakini macho mnayo na miguu mnayo. Mwombeni mwalimu wenu awaonyeshe ramani ya kiwanja cha shule. Kizungukeni pamoja naye, mkazitafute bikoni zake, mkazihesabu. Bikoni iliyong'olewa, mwambieni mwalimu, naye atamwambia Mtendaji wa Mtaa. Kisha jioni waulizeni wazazi wenu diwani wa kata yenu ni nani, na mara ya mwisho kuja kwake mkutanoni ilikuwa lini. Wazazi wasipojua, watataka kujua. Na diwani akijua ya kuwa anaulizwa, ataliangalia zizi.